Kikohozi cha Ukweni

Mwinjuma, fundi cherehani wa Morogoro, alikuwa na kikohozi cha ukweni. Hakikuwa cha ugonjwa. Kifua chake kilikuwa kizima kama ngoma. Kila alipopanda mlima kwenda Kinole, kwa mama wa mkewe, akifika kwenye migomba ya mwisho kabla ya uwanja, alisimama, akageuza uso, akakohoa mara mbili. Kule uwanjani kigoda kilisikika kikiburutwa. Hapo alijua kwamba Bi Mwaisha, mama mkwe wake, amenyanyuka na kuingia ndani, na kwamba yeye sasa anaweza kusogea, akaketi barazani na kumwamkia kupitia ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hawajambo wajukuu zangu?"

Tangu amwoe Mwanaheri, mkwe na mama mkwe hawakuwahi kutazamana usoni. Yeye alimjua mama huyu kwa sauti na kwa mburuzo wa kigoda, basi. Wakikutana njiani, Mwinjuma alijitupa majanini na kuipa njia mgongo mpaka mama apite. Asiyejua angedhani wana ugomvi wa mashamba. Kumbe ilikuwa heshima, tena heshima yenye mapenzi ndani yake. Mkungu wa kwanza wa ndizi kila msimu ulishuka mjini na salamu moja tu: "Wa mkwe wangu." Mwaka Mwinjuma alipoumwa homa ya kufa, Bi Mwaisha alishuka milima yote ile kwa miguu, akalala nyumba ya jirani, akawa anampikia uji na kuupeleka kwa mkono wa Mwanaheri. Alipopona, mama alirudi Kinole bila kumwona. Mwinjuma alilia siku ile, na hakuona haya kusema kwamba alilia.

Lakini uzee haubishi hodi. Miguu ya Bi Mwaisha ilikwisha nguvu, na wakati huo huo bintiye mdogo, Furaha, aliyeolewa Dar es Salaam, alijifungua mtoto wa kwanza. Zamani wangejiunga na msafara wakatembea. Sasa mama hakuweza kufika hata Mikese, chini ya milima, kwa miguu yake. Alikuwa akisema jioni, kwa sauti ya kujiliwaza, kwamba mtoto huyo atamwona siku watu wote watakapofufuliwa.

Ndipo Mwinjuma akatangaza kwamba Idd Kubwa mwaka ule wataila Dar es Salaam, yeye na mkewe na watoto na mama mkwe, na watakwenda kwa gari la moshi, lile jipya la Wajerumani. Sokoni watu walimshangaa. Mtu husafiri kwa biashara, au kwa msiba, au kwa sababu askari wa bomani amemtia kamba. Kusafiri kwa matembezi tu, na familia nzima, ndiyo nini?

"Asubuhi unakunywa uji hapa," alisema Mwinjuma huku akizungusha gurudumu la cherehani, "chakula cha usiku unakila pwani. Miguu ni ya kushukia kitandani."

Maneno hayo aliyapenda, akayarudia kwa kila mteja.

Mwanaheri hakuwa na shaka na gari. Shaka yake ilikuwa nyingine. "Na mama je?" aliuliza. "Njiani kuna majani ya kujificha. Mle ndani mtakaaje?"

"Mama atakaa nanyi kwenye mabenchi. Mimi nitapanda behewa la nyuma, pamoja na mizigo."

Shauri lilikuwa jema, na kama Mwinjuma angelishika, hadithi hii isingekuwapo. Lakini fundi cherehani ni fundi cherehani. Kwa ajili ya safari ile alijishonea koti jeupe la drili, kitambaa kigumu cha wakubwa, lenye kola ya kusimama na vifungo vya shaba, koti ambalo hata makarani wa bomani wangeligeukia. Siku ya safari walifika stesheni mapema, mama akiwa ameteremshwa kwa machela kutoka Kinole jana yake, milima ya Uluguru ikiwa bado imejifunika wingu mpaka mabegani. Mwinjuma akaenda kulitazama behewa la nyuma. Halikuwa na paa. Lilijaa ngozi za ng'ombe zilizokaushwa nusu nusu, nzi wakiwa tele, na moshi wa gari ulikuwa ukishukia hapo hapo na masizi yake. Akalitazama behewa. Akalitazama koti. Wateja wake walikuwa wamekuja kumwangalia anavyopanda.

Nitakaa nao mpaka Mikese tu, stesheni ya kwanza, alijiambia. Mikese nitahamia nyuma.

Wenzake walikwisha ingia kwenye behewa la mabenchi. Alipofika mlangoni alisimama, akageuza uso, akakohoa.

Palepale mlangoni alikuwa ameketi Mnyamwezi mmoja mtu mzima, mpagazi wa siku za misafara, mwenye fimbo ndefu katikati ya magoti. Mnyamwezi ni mtani wa Mluguru, na mtani hana breki. "Fundi," alisema, "kama una pumu kaa dirishani, usitugawie."

Watu wakacheka. Mwinjuma akakimeza kikohozi cha pili. Na hata angekikohoa, Bi Mwaisha angekwenda wapi? Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, benchi la mkabala na lake, magoti kwa magoti. Mama aliuvuta upande wa kaniki kutoka kichwani ukafunika uso mpaka kidevuni, akageukia ubao wa behewa. Mwanaheri, mtoto wao mdogo Abasi mgongoni, alimtazama mumewe.

"Si ulisema nyuma?"

"Nyuma kuna masizi," Mwinjuma alinong'ona, akaketi.

Gari likapiga king'ora, likaanza kuvuta. Binti yao Tatu alipiga makofi. Migomba, vibanda, ng'ombe, kila kitu kilikuwa kikikimbia kurudi nyuma, na Mwinjuma alikuwa akieleza kwa sauti, hili daraja, ule mto, utadhani amevijenga yeye. Alikuwa akimweleza mama, kwa ujanja, maana mama hakuwa akiona kitu. Safari ya kwanza ya maisha yake na pengine ya mwisho, naye alikuwa akiitazama kaniki kwa ndani. Mwanaheri alipofungua kapu na kutoa mihogo ya kuchoma, Bi Mwaisha alitikisa kichwa. Huli mbele ya mkweo. Maji pia alikataa. Mwinjuma alishika kipande chake cha muhogo muda mrefu, akaona watu wanamtazama, akakila.

Mikese gari liliposimama, alinyanyuka kweli. Alishuka, akaanza kuelekea nyuma. Mfanyabiashara mmoja wa nta aliyekuwa akimjua akamshika mkono wa koti, akaupapasa, akauliza drili ile kaipata kwa nani. Mwinjuma akageuka huku na huku ili mshono wa mgongoni uonekane. Kengele ikalia. Akarudi mbio pale pale alipotoka.

Baada ya Mikese jua lilikuwa kali. Bi Mwaisha, ambaye shingo yake bila shaka ilikuwa imekufa ganzi kwa kugeukia ubao, alijaribu kusimama ili ajigeuze, akae kwa kumpa mkwe mgongo kabisa. Alikuwa bado hajapata pa kushika gari lilipokamata breki. Baadaye walisema kulikuwa na mbuzi relini. Mama aliruka kama furushi na kuangukia mapajani mwa Mwinjuma, naye, bila kuwaza, akamdaka kwa mikono miwili.

Kaniki ilianguka. Mwinjuma aliona kichwa cha Bi Mwaisha: nywele fupi nyeupe, sikio lenye tundu tupu, kovu dogo kwenye paji la uso. Aliona macho yake. Yalikuwa macho ya Mwanaheri, hasa hasa, na yalikuwa yamejaa hofu. Miaka yote aliyokuwa akikohoa kwenye migomba, hiki ndicho alichokuwa akikilinda. Sasa alikuwa amekipakata mbele ya behewa zima.

"Ama leo Waluguru mila zimewaishia," Mnyamwezi alisema. "Mkwe kampakata mkwewe."

Behewa likalipuka kwa kicheko. Mnyamwezi alikuwa na haki yake. Utani ni ruhusa aliyoachiwa na babu zake, na hata msibani angesema zaidi ya hayo. Haya ilimpanda Mwinjuma, na ilipotoka mdomoni ikatoka kicheko. Alicheka. Alicheka kwa nguvu kuliko wote, mama akiwa bado anahangaika kujinasua mikononi mwake na kuitafuta kaniki yake sakafuni.

Tena kama hiyo haikutosha, akaongeza. "Jamani," alisema, akilinyoosha koti lake, "humu garini hakuna mkwe wala nani. Sote abiria tu."

Watu walicheka tena, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, Mwinjuma alifurahi kwamba wamecheka kwa neno lake. Kisha akaona Mwanaheri hacheki. Tatu naye alikuwa amemshika bibi yake mkono, hajui kama acheke au alie. Na Mnyamwezi alikuwa ameacha kucheka zamani.

"Mimi ni mtani, fundi," Mnyamwezi alisema polepole. "Wewe je?"

Masikio ya Mwinjuma yalikuwa yakimwaka moto. Akayatazama magoti yake mpaka Ngerengere.

Hapo Ngerengere gari lilisimama kunywa maji. Bi Mwaisha, aliyekwisha jifunika upya, alichukua kapu lake la ndizi alizokuwa akimpelekea Furaha, akateremka kwa kushika mlango, hatua kwa hatua, akaenda kuketi chini, kwenye mchanga, akalipa gari mgongo. Mwanaheri akamfuata. Mwinjuma alibaki ameketi, akiwaona kwa dirishani: mama mzee ametulia kama jiwe la mafiga, na binti amechuchumaa mbele yake, akinena kwa mikono yote miwili.

Mwanaheri alirudi macho mekundu. "Hapandi."

"Mwambie nitatoa kuku. Nimemgusa, mila naijua. Nitatoa hata mbuzi."

"Nimemwambia. Hataki kuku."

"Mwambie nahamia nyuma, kwenye ngozi."

"Anasema hapandi gari ulilomo." Mwanaheri alijifuta uso kwa upande wa kanga. "Anasema kuanguka si neno. Gari ndilo lililomwangusha, na wewe ungefanya nini, ungemwacha avunjike? Lakini anasema gari halikukuchekesha."

Mwinjuma alihisi neno lile likimwingia na kutafuta mahali pa kukaa.

"Basi anataka nini?"

"Anataka kurudi Kinole."

"Kwa miguu gani, Mwanaheri?"

"Ndiyo nakuuliza wewe," alisema mkewe. "Kwa miguu gani? Furaha amekwisha mtandikia kitanda. Mtoto hajapewa jina la nyumbani, anangojwa bibi. Ulimtoa kwake kwa maneno matamu, sasa amekaa mchangani. Hukuona haya kumcheka mama yangu?"

Aliona. Aliona haya kiasi kwamba kama ardhi ingefunuka angeingia na kuifunika mwenyewe. Kule mbele dereva Mdachi alikuwa akifuta mikono, na maji yalikuwa yamekwisha jaa. Mwinjuma akasimama.

"Kaeni na mama," alisema. "Nashuka mimi."

"Uende wapi?"

"Huko huko mnakokwenda."

Alishuka upande wa pili wa gari, akazunguka kwa nyuma, akaenda kusimama nyuma ya rundo la kuni lililokuwa mwisho wa stesheni. Akageuza uso. Akakohoa mara mbili, kwa nguvu, hakujali nani anasikia. Alisubiri. Halafu akasikia mchanga ukisagika chini ya miguu ya mtu mzito wa kutembea, na sauti ya Mwanaheri ikisema polepole mama, shika hapa. Hakuchungulia.

Gari lilipoanza kutembea ndipo alipojitokeza. Mabehewa yalimpita moja moja. Tatu alikuwa akilia dirishani. Mnyamwezi alimtazama bila utani wowote, akamrushia ile fimbo yake ndefu. Behewa la ngozi lilikuwa la mwisho, na kwenye kona yake moja palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, tena pana.

Basi Mwinjuma, aliyesema miguu ni ya kushukia kitandani, akaanza kuitumia. Alifuata reli. Waliokuwa wakipalilia njia ya gari walimwona mtu mwenye koti jeupe la vifungo vya shaba anatembea juani peke yake, wakamwuliza kama gari limemtema. Alijibu ndiyo. Viatu vilimchubua, akavivua. Alijikwaa kwenye mataruma, zile nguzo za kulalia reli, mara nyingi mpaka ukucha wa dole gumba ukang'oka, na akakumbuka walivyokuwa wakiambiwa utotoni kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole aliweza kulifunga. Alirarua mkono mmoja wa koti akalifunga.

Idd ilimkuta njiani, kijiji kimoja upande wa Soga. Alisali nyuma kabisa ya watu, amejificha, maana koti lilikuwa limekuwa la rangi ya udongo na mkono mmoja umekatika. Wenyeji walimpa nyama na hawakumwuliza mengi. Usiku huo, na usiku uliofuata, alikuwa akijipangia maneno. Atasema mama nisamehe, nilicheka kwa haya. Hapana, atasema nimetembea, mama, nimetembea njia yote. Kadiri miguu ilivyovimba ndivyo alivyopata matumaini. Mtu akiadhibika hivi, alijisemea, lazima deni liwe limepungua. Mama ni mwenye huruma. Ndiye aliyempikia uji. Atakohoa, kigoda kitaburutwa, na mambo yatarudi yalivyokuwa.

Aliingia Dar es Salaam mchana, sikukuu imekwisha, watoto wakiwa bado wamevaa nguo mpya zilizochafuka. Aliulizia mpaka akafika mtaa wa Gerezani, kwenye nyumba ya mume wa Furaha, yenye ua wa makuti. Alisimama kwenye kona ya ua. Ndani alisikia mtoto mchanga akideka, na sauti ya Bi Mwaisha ikimwimbia kwa Kiluguru, wimbo ule ule aliokuwa akiwaimbia Tatu na Abasi walipokuwa wachanga. Amefika, basi. Amemwona mtoto. Mwinjuma akamshukuru Mungu.

Akageuza uso. Akakohoa mara mbili.

Wimbo ukakatika.

Alisubiri kigoda. Hakikuburutwa. Labda hakusikia, alifikiri, masikio ya uzee. Akakohoa tena, vizuri zaidi, kama alivyokuwa akikohoa kwenye migomba ya Kinole.

"Mwanaheri," ilisema sauti ya Bi Mwaisha. Haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayeagiza maji. "Nenda kamwambie aliye nje apite ndani. Mimi sina haja ya kunyanyuka. Uso nilikuwa nikimfichia mkwe wangu. Huyo ni abiria tu."

Mlango wa ua ukafunguliwa. Mwanaheri alisimama hapo na kulitazama lile koti, na miguu, na fimbo, kisha akatazama pembeni.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia."

"Pita basi, upate kula. Amesema upite."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angepiga hatua moja angeona kigoda, na mama juu ya kigoda, kichwa wazi, na mjukuu mapajani. Hakuna ambaye angemzuia. Wapita njia wangapi wangeweza kuingia hapo kuomba maji, na Bi Mwaisha angewatazama usoni na kuwapa. Maneno yote aliyoyapanga tangu Soga, nimetembea, mama, yalimtoka kichwani, akaona jinsi yalivyokuwa ya mtoto.

"Mwambie mkwe wake yuko nje," alisema.

Mwanaheri aliingia, akauacha mlango vile vile. Mwinjuma akasikia mkewe akinong'ona, na mama asitie neno. Baada ya muda wimbo ukaendelea pale ulipokatikia.

Akauegemeza mkono kwenye makuti, akaupa mlango mgongo. Jua lilikuwa likimchoma shingoni na watoto wa mtaa walikuwa wameanza kukusanyika kumwangalia mtu anayetazama ua. Mmoja akamwuliza kama ni mgonjwa. Mwinjuma akakohoa mara mbili, akasubiri kigoda.